Mti wa Sabuni Usipandwe Juu ya Mto

Nyumba yetu ilikuwa mtaa wa Kisugu, chini kidogo ya barabara, na mbele yake tulikuwa na duka. Nasema duka kwa heshima tu. Katika miaka ile ya utawala wa jeshi, rafuni kwetu kulikuwa na dawa ya viatu, nili ya kufulia na vifungo vya shati. Nili bila sabuni ni mzaha, na mteja akiingia kuniuliza kama kuna sukari nilikuwa namwambia aangalie mwenyewe, macho si anayo. Mama alinikemea kwamba biashara haifanywi kwa ulimi wa namna hiyo. Biashara gani, nikamjibu. Mimi subira sikuumbiwa, na watu wa nyumbani kwetu wanalijua hilo.

Tulikuwa wanne. Mama, aliyekuwa mjane, kaka yangu mkubwa, mimi, niliyekuwa nimefika umri wa kuolewa na kumkataa kila aliyeletwa, na mjomba, ndugu yake Mama, mwalimu wa madrasa, mtu mwenye sheria ya kila kitu mpaka ya namna ya kumenya ndizi. Wazee wetu walikuja bara na misafara ya biashara kutoka pwani, wakakaa, wakazaa, wakasahau njia ya kurudi, ila Kiswahili hawakukisahau. Barabarani tuliongea Kiganda kama watu wote. Tukishafunga mlango tuliongea Kiswahili, lugha ya siri zetu, au ndivyo tulivyojidanganya.

Siku moja Mama alikuwa uani akifua kwa majani ya mpapai, maana sabuni ilikuwa imeadimika kabisa mjini. Anasugua, anaguna, shati linazidi kuwa kijani. Kaka akamwambia, "Kule kwangu, Mama, sabuni inaota mtini. Unatikisa tawi tu, inaanguka."

Mama hakucheka. Alilelewa kwenye shamba la kahawa, na mambo ya ardhi hakuyafanyia utani. Akauliza, "Mti huo umeupanda wapi? Juu ya mto au chini?"

"Juu," akasema kaka. "Pana upepo mzuri."

"Basi mvua ikinyesha, povu lote litashuka kwenye mpunga wako, na wewe utakula wali unaoteleza. Ung'oe."

Kaka akaung'oa. Hapo ndipo Kule kulipoanza, na hatukukupa jina jingine.

Tangu siku hiyo, kila alasiri baada ya swala, tulikaa uani tukalima Kule. Ilikuwa nchi isiyo na haya. Sukari iliota chini kama karanga, unaifukua ikiwa imeshachekechwa. Ng'ombe walitoa chai ya maziwa moja kwa moja, mradi asubuhi walishwe kwenye malisho ya tangawizi. Mikate iliota vichakani. Lakini msidhani mtu alipanda alichotaka pale alipotaka. Mama alikuwa bwana shamba mkali. Vichaka vya mikate vikae mwinuko, bondeni vitaumuka usiku. Msitu wa viberiti uwe mbali na chemchemi ya mafuta ya taa. Kaka alivipanda jirani mara moja tu, na Mama akatukalisha siku mbili nzima tukizima moto kwa maneno. Na kila konde lipumzike msimu mmoja baada ya mavuno, kama mzazi anavyopumzishwa arubaini zake. Nikimwambia ardhi ya Kule haichoki, ni ya ndoto, alikuwa akinitazama kwa huruma na kusema kwamba hakuna ardhi isiyochoka, na mwenye kusema hivyo hajawahi kushika jembe.

Mjomba naye akaleta yake. Lazima pawe na njia ya kupita watu, pawe na makaburi, pawe na sehemu ya wakfu kwa ajili ya msikiti. Akaichagua mwenyewe sehemu ya wakfu, na kwa bahati ikawa ndiyo yenye asali. Nikasema hapo msikiti umepata. Hakuongea na mimi mpaka siku ya pili.

Konde zuri kuliko yote alipewa kaka. Lilikuwa kando ya mto, kuanzia darajani mpaka chini ya kilima, refu kiasi kwamba ukisimama mwanzo wake huoni mwisho. Mimi nilipewa mchaichai nyuma ya jikoni. Nilinung'unika sana, nasema kweli, na mpaka leo nikiukumbuka ule mgao roho inanichemka kidogo.

Halafu wakamchukua kaka. Walikuja asubuhi, watu waliovaa kiraia na viatu vya jeshi, wakapekua duka, wakapekua vyumba, na chini ya kitanda chake wakakuta katoni ya sabuni. Sabuni ya kweli. Aliitoa wapi sijui, alikuwa hajatuambia, nadhani alitaka kumshangaza Mama. Wakasema ni magendo, anaficha bidhaa za wananchi. Wakaondoka na sabuni na wakaondoka na kaka. Baada ya muda tukasikia yuko gereza la Luzira.

Tulipeleka chakula. Tulilikabidhi bakuli getini, na safari iliyofuata tukarudishiwa limeoshwa vizuri. Kaka yangu hakuwahi kuosha bakuli maishani mwake, kwa hiyo hatukujua tufurahi au tulie. Mama alilia. Mimi niligombana na kila mtu, na mjomba, na majirani, na kuku wa barabarani. Hasira yangu haikuwa na pa kwenda.

Nilidhani Kule kumekwisha. Wapi. Siku ya tatu tangu achukuliwe, baada ya swala, Mama akakaa uani mahali pake, akasema, "Konde la kando ya mto lisiguswe. Tutalipalilia tu. Mwenyewe akirudi alikute safi." Na tukalipalilia. Kila alasiri, kabla ya jambo jingine lolote, tulianza na konde la kaka. Mama alikuwa akitaja magugu moja moja, na nilijua kwamba siku tutakayoacha kulipalilia, siku hiyo ndani ya moyo wake atakuwa amemzika. Kwa hiyo hata mimi niliyeona ni upuuzi nilipalilia.

Sasa niwaambie kosa letu. Upande wa pili wa ukuta palikuwa na nyumba kubwa ya familia ya Kihindi iliyofukuzwa nchini pamoja na Wahindi wengine. Nyumba hiyo alipewa sajenti mmoja wa kambi ya jeshi ya Makindye, mtu wa kaskazini, mrefu, mwenye kovu shavuni. Alifuga kuku ndani ya bafu na kupanda mtama katikati ya mawaridi. Kiganda hakukijua hata cha kuombea maji. Na sisi, watu wenye akili zetu, tukiogopa masikio ya jirani, tukawa tunajificha ndani ya Kiswahili, lugha ambayo jeshi zima lilikuwa likiongea tangu asubuhi mpaka jioni. Mti wa sabuni, milima ya sukari, viberiti msitu mzima, yote tuliyasema kwa sauti, kila siku, na yeye yuko nyuma ya ukuta amekalia pipa.

Alasiri moja akabisha hodi. Alikuwa na sare, mkanda, bastola, kila kitu. Mjomba akaanza kusoma dua bila kufungua midomo.

"Mama," akasema sajenti, "mimi nasikia nyinyi. Kila siku nasikia. Sabuni mingi, sukari mingi. Hiyo shamba iko wapi?"

Nikaona tunafungwa wote kwa ajili ya mti usiokuwepo. Mama akasema taratibu, "Afande, hakuna shamba. Ni maneno. Tunajipumbaza tu."

"Mimi siko mjinga," akasema. "Najua ni maneno. Nauliza iko upande gani. Hiyo mto yenu, wakati ya jua maji nakauka?"

Mama akamjibu, "Haukauki."

Sajenti akakaa chini bila kukaribishwa, akavua kofia akaiweka gotini. "Kwetu nakauka," akasema. "Mimi nataka kipande."

Wallahi nilitaka kumpiga na mwiko. Walichukua maduka, walichukua magari, walimchukua kaka yangu, na sasa wamefika mpaka Kule. Nilifungua mdomo, mjomba akanikanyaga mguu. Mama akampa kipande cha mawe nyuma ya malisho, akamwambia ndicho kilichobaki. Akashukuru kama mtu aliyepewa kitu.

Akawa anakuja kila siku akitoka kazini, na mkewe nyuma yake, mama mmoja Mkatoliki, mkimya, anayefuma. Akapanda mtama na ufuta. Akaleta ng'ombe. Mama akamweleza habari ya tangawizi na chai, akakataa katakata. "Ng'ombe natoa maziwa," akasema. "Chai napika mwanamke." Mkewe, bila kuinua macho kwenye kitambaa chake, akasema, "Huyu nyumbani kwao hakulima hata siku moja. Alikuwa nakimbia jembe." Mama akacheka, mara ya kwanza tangu kaka aondoke, na hilo nalo likaniudhi.

Lakini askari ni askari. Haikupita wiki akaweka kizuizi darajani. Mjomba alikuwa akieleza anavyokwenda kurina asali ya wakfu, akakatizwa katikati.

"Simama. Natoka wapi?"

"Natoka nyumbani, afande. Naenda kwenye wakfu."

"Kitambulisho."

"Afande, daraja hilo nimelijenga mimi."

"Kitambulisho, Mzee."

Mjomba akaingiza mkono kwenye kanzu akatoa kitambulisho chake, kile cha kweli, akampa. Sajenti akakisoma mbele na nyuma, akamrudishia, akamwambia apite. Nilicheka mpaka nikaingia jikoni kujificha. Mjomba hakuona cha kuchekesha. Tangu siku ile akawa anakwenda wakfu kwa njia ya mlimani.

Jicho la sajenti lilikuwa kwenye konde la mto. Ng'ombe wake walitembea mbali kufuata maji, na pale kando ya maji palikuwa na ardhi nzuri, safi, imepaliliwa, haina kitu. Siku nyingine alikuwa akiitazama sakafu ya ua wetu kana kwamba mto unapita pale kati. Mwishowe akauliza.

"Hii ya mto ni ya nani?"

"Ina mwenyewe," akasema Mama.

"Iko wapi?"

"Luzira."

Mkewe akaacha kufuma. Sajenti akakuna kovu lake. "Alifanya nini?"

"Sabuni."

"Alipanda?"

"Hapana, afande," akasema Mama. "Ya Kule alipanda. Hii ya huku alikutwa nayo chini ya kitanda. Ni mwanangu."

Sajenti akasema kwamba konde halifanyi kazi, ng'ombe wanataka maji, na yeye analitaka, yuko tayari kutoa beberu na mtama wa msimu mzima. Nikamwona Mama anavuta mtandio wake, akaukaza. Nikajua anakuja na jambo.

"Afande, kwetu ardhi haitoki mkononi mwa mtu mwenyewe akiwa hayupo. Lazima asimame juu yake. Aizunguke mipaka yote kwa miguu, mashahidi wakitazama. Akishazunguka ndipo aseme natoa, au sitoi. Bila hivyo utakuwa umepora, na cha kuporwa Kule hakioti."

"Ni kweli?" sajenti akamwuliza mjomba.

Ee, hapo mjomba alipata siku yake. Akaeleza sheria ya mashahidi kutoka juu mpaka chini. Wanaume wawili, na wakikosekana, mwanamume mmoja na wanawake wawili. Mwanamume ni yeye. Mwanamke wa kwanza ni mimi. Alipofika kwa wa pili akasita kidogo akimtazama mke wa sajenti na rozari yake shingoni, akasema kwamba Kule, kwa kuwa ni nchi mpya, inajuzu.

Nilimfuata Mama jikoni. Nikamwambia, "Unamwuzia askari hewa? Akigundua unamchezea, je?"

Alikuwa anapuliza makaa. "Simchezei. Nimemwambia sheria. Anataka konde, amlete mwenye konde." Kisha akasema, "Mimi sina kitu kingine anachokitaka mtu yeyote."

Sajenti hakuja kesho yake. Hakuja wiki ile, wala iliyofuata. Mkewe aliingia mara moja kuazima sindano, akasema hajui kitu. Nilimlaumu Mama kwa kila neno nililokuwa nalo, kwamba amemkasirisha, kwamba sasa kaka atateswa kwa sababu ya malisho ya ng'ombe wasiokuwepo. Yeye alipalilia tu.

Halafu gari la jeshi likasimama nje wakati wa alasiri. Sajenti akaingia, na nyuma yake akaingia kaka. Amenyolewa, amekonda, shati si lake. Mama aliinuka, sajenti akanyoosha mkono kumzuia. "Kwanza shamba," akasema. "Mimi nimesema huko gereza huyu ni shahidi ya kesi ya ardhi. Kama hapa iko uongo, mimi na yeye narudi pamoja, na mimi naingia ndani."

Kwa hiyo hata yeye alikuwa amejitia kitanzi. Sikulifikiria hilo mpaka alipolitamka. Kaka alitutazama mmoja mmoja, hajui aliloitiwa. Nikaogopa atauliza shamba gani, na tumekwisha. Mama akasema, akijilazimisha kuongea kama siku zote, "Konde lako la kando ya mto, mwanangu. Afande analitaka. Lizunguke aone mipaka, kisha useme kama unatoa."

"Sitoi," akasema kaka papo hapo.

Astaghfirullahi. Nilitamani ardhi ya kweli ipasuke. Mjomba akanong'ona kwamba kisheria ana haki ya kukataa, nikamwambia anyamaze na sheria zake.

"Zunguka kwanza," akasema Mama.

Kaka akasogea karibu na bomba la maji. Akatazama chini, kama anayetafuta alama, akaanza. Alikwenda kidogo, akageuka. Kidogo tena, akageuka. Ua wetu ulikuwa mpana, mbele yake hapakuwa na kitu, hata ndoo. Akageuka tena mahali pasipo na kitu, na tena, akawa amefika alipoanzia. Akasimama katikati. "Hili," akasema. "Nalilima kila siku."

Ungetandika mkeka mmoja, konde lote lingejaa.

Lile konde lisiloonekana mwisho lilikuwa limebaki na ukubwa wa chumba cha kufungiwa mtu. Sajenti akalizunguka kwa nje, taratibu, asikanyage mpaka. "Napanda nini?"

"Hapa mpunga," akasema kaka, akionyesha karibu na mguu wake. "Pale sabuni. Nimeiweka chini, povu lisiingie kwenye mpunga. Na hapa pembeni pamepumzika msimu huu." Sheria zote za Mama alikuwa amezifuata.

Sajenti akavaa kofia, akaivua. "Mama," akasema, "ng'ombe yangu hawezi kugeuka hapa." Mkewe akacheka kidogo, halafu akaziba mdomo kwa kitambaa chake. "Ni dogo sana. Mimi sitaki. Wacha yeye abaki nayo."

"Abaki nayo wapi?" akauliza Mama. Sijawahi kumsikia akiuliza kitu kwa sauti ile.

"Hapa. Kwenu. Wapi tena? Mimi nitasema huko kesi bado naendelea. Kesi ya ardhi nachukua miaka." Akamshika mkewe mkono wakatoka, na tukasikia gari likiondoka bila mfungwa wake.

Kaka alikuwa bado amesimama palepale. Mimi nilikuwa nalia kwa sauti kama mtoto, sioni aibu kusema. Nikamwambia njoo basi, umekaa nini hapo, njoo ule. Hakusogea. Alimtazama mjomba, si Mama wala mimi, akamwuliza kama anaruhusiwa kutoka.

Mjomba, mwenye sheria ya kila kitu, hakuwa na sheria ya hilo.

Mama akavua ndara zake. Akainua mguu, akauvuka ule mpaka tusiouona, akasimama pale ndani pamoja naye. Hapakuwatosha vizuri, ilibidi wakumbatiane. Hakumvuta, hakumharakisha. Wakakaa hivyo mpaka chakula kikapoa, na kaka alipoanza kutoka, alitangulia yeye, Mama akamfuata.